Tuambieni Kilichobadilishwa: Barua kwa Mafundi na Wauza Saa Kuukuu

Kwa mafundi saa na wauza saa kuukuu wa Wete, Chake Chake na Mkoani, pamoja na wenzenu wa Darajani na Mji Mkongwe, Unguja.



Naja kwenu na ombi moja, nalo nalisema mwanzo ili msisome barua yote mkisubiri kujua nataka nini. Kila saa kuukuu inayopita mikononi mwenu kwenda kwa mnunuzi, mwambieni kipi ndani yake ni cha asili na kipi kimebadilishwa. Mwandikieni, hata kwenye karatasi ya daftari. Na kile kilichotolewa mkabidhini.

Naombea saa zote, lakini zaidi kronografu: zile saa za mkono zenye vitufe viwili ubavuni, kimoja cha kuanzisha na kusimamisha akrabu ndefu ya sekunde, kingine cha kuirudisha kwenye namba 12. Zina vipande vingi kuliko saa ya kawaida, wakusanyaji wa dunia nzima wanazitafuta, na kwa sababu hizo mbili ndizo zinazoharibiwa na kughushiwa zaidi.

Nyote mnajua zilivyofika kisiwani. Baada ya Mapinduzi ya 1964, na zaidi baada ya Sultan Qaboos kushika utawala wa Oman mwaka 1970 na kuwaita Waomani waliokuwa nje warejee, jamaa zetu wengi walihamia Maskati, wengine Dubai na Abu Dhabi. Aliyekuja likizo alikuja na sanduku, na ndani ya sanduku haikukosekana saa: Seiko, Citizen, mara mojamoja Omega. Ami yangu aliivaa yake Ijumaa na kwenye arusi. Siku nyingine ikikaa kabatini imefungwa kitambaa. Sasa waliozivaa wanatutoka mmoja mmoja, watoto wao wanatazama wakati kwenye simu, na saa zinatoka makabatini kuja mezani kwenu. Wananunua vijana, wananunua watalii, wananunua madalali wanaopita majumbani wakimpa mjane bei ya kilo chache za mchele kwa kitu ambacho hajui thamani yake.

Siwaiti wezi. Najua kazi yenu inavyokwenda. Mteja analeta saa uso wake umeingia madoa, kioo kimepasuka, kasha limejaa mikwaruzo, anasema: fundi, nataka iwe mpya. Mnafanya alichokitaka. Mnalipiga brashi kasha mpaka ling'are, mnapaka uso rangi, mnatia akrabu zilizotoka saa nyingine kwa sababu spea za kiwandani hazipatikani tena. Kwa saa ya kuvaliwa na mwenyewe hakuna aliyedhulumiwa. Dhulma inaanza siku ile saa hiyohiyo inapouzwa kwa mtu wa pili kwa jina la orijino na kwa bei ya orijino, na hakuna anayemwambia.

Pengine mtauliza rangi kidogo juu ya uso wa saa ina uzito gani. Mwaka 2017, mjini New York, nyumba ya mnada ya Phillips iliuza Rolex Daytona iliyokuwa mali ya mwigizaji Paul Newman kwa zaidi ya dola milioni 17 za Marekani. Umaarufu wa mwenyewe ulichangia sana, hilo halina ubishi. Lakini zitazameni Daytona za aina hiyo ambazo hazikuvaliwa na mtu yeyote mashuhuri: zenye uso wa mapambo kama ule wa Newman huuzwa mara kadhaa ya bei ya zile zenye uso wa kawaida, na hali kasha ni lile lile na mashine ni ile ile. Tofauti yote imo kwenye kibati chembamba kisichofika upana wa sentimita 4. Anayekipaka rangi upya anaifuta tofauti hiyo kwa mchana mmoja, na hakuna fundi duniani anayeweza kuirudisha.

Na msidhani udanganyifu ni jambo la maskini na vichochoro. Novemba 2021, mjini Geneva, Omega Speedmaster ya toleo la kwanza la mwaka 1957 iliuzwa mnadani kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi. Aliyeinunua ni Omega wenyewe, kwa ajili ya makumbusho yao. Mwaka 2023 ikabainika kwamba saa ile ilikuwa imeungwa kwa vipande vya saa mbalimbali, na Omega wakasema waliokuwa wafanyakazi wao walihusika. Ikiwa kiwanda kilichoizaa saa kinaweza kuuziwa saa ya kuungaunga, mnunuzi wa Wete aliyekusanya fedha za msimu mzima atajikinga na nini kama si kauli ya ukweli ya fundi?

Sisi ni watu wa karafuu. Mzigo ukifika kituo cha ZSTC, shirika la biashara la taifa la Zanzibar, hakuna anayelipa kwa kulitazama gunia kwa nje. Karafuu zinamwagwa, zinaangaliwa ukavu, makonyo yanatafutwa, mpeta unatengwa, ndipo daraja linatajwa na bei ikafuata. Mkulima huondoka akijua kwa nini kalipwa alicholipwa. Nataka saa nayo ipimwe hivyo mezani kwenu, mbele ya macho ya anayetoa fedha.

Nitaichukua Seiko 6139 kuonyesha ninachokiomba, maana ndiyo kronografu ambayo mtu wa kawaida wa hapa anaweza kuimiliki. Ilitoka mwaka 1969, mwaka wa mashindano makubwa: Zenith na El Primero yao, kundi la Heuer, Breitling na Hamilton-Buren na mashine yao, na Seiko wa Japani, kila mmoja akitaka kuwa wa kwanza kuuza kronografu inayojitia ufunguo kwa mwendo wa mkono wa mvaaji. Wakusanyaji wanabishana mpaka leo nani alishinda. Sisi hapa tulipata ya Seiko, na naiona ni saa ya kujivunia.

Mfuniko wa nyuma umechongwa namba mbili. Moja ni ya aina, mfano 6139-6002: tarakimu nne za mwanzo ni mashine, nne za mwisho ni kasha. Nyingine ni ya utengenezaji. Tarakimu yake ya kwanza ni mwaka, ya pili ni mwezi, na kwa Oktoba, Novemba na Desemba zinatumika 0, N na D. Inayoanza na 47, basi, ni ya Julai 1974. Mwaka umepewa tarakimu moja tu, kwa hiyo 9 inaweza kuwa 1969 na inaweza kuwa 1979, na hapo ndipo maandishi mengine yanaposaidia. Saa za mwanzo kabisa zina neno PROOF kando ya neno la Kiingereza la maji. Mnamo 1970 hivi Seiko wakaanza kulibadilisha kuwa RESIST. Uso wenye PROOF ndani ya kasha la mwaka 1976 ni uso uliotoka saa nyingine. Muuzaji mwaminifu anaweza kuiuza saa hiyo bila ya aibu yoyote, alimradi alitaje jambo hilo kabla ya bei.

Ila mfuniko unafunguka kwa dakika moja na unahamishika, kwa hivyo peke yake hauthibitishi kitu. Fungueni, mnunuzi aone mashine ina namba gani na imeliwa na kutu kiasi gani. Kisha igeuzeni, mwekeni lenzi jichoni, mwonyesheni ukingo wa chini wa uso karibu na namba 6. Pana maandishi madogo mno yenye namba ya aina ya uso. Tarakimu ya mwisho si lazima ilingane na ya mfuniko, maana Seiko walizibadilisha kufuata masoko. Lakini uso wa 6139-700 ukikutwa ndani ya kasha la 6139-600, hizo ni saa mbili zilizoozeshwa. Uso wa kuigiza mara nyingi hauna maandishi hayo kabisa, au yapo na wino umetambaa. Tazameni pia ile duara ndogo ya dakika: kazi ya kiwandani ina mifereji laini ya mviringo ambayo rangi ya mkono huijaza ikapotea.

Kuhusu rangi yenyewe kuna kisa. Mwanaanga wa Marekani William Pogue alivaa 6139 ya uso wa njano kwenye kituo cha anga cha Skylab, siku 84, kuanzia Novemba 1973 hadi Februari 1974. Tangu habari hizo zienee, ya njano inatafutwa kuliko ya buluu na ya rangi ya fedha, na nyuso mpya za njano zinatengenezwa na kuuzwa kwa bei rahisi kwa yeyote anayetaka kuigeuza ya buluu. Njano iliyopigwa na jua kwa nusu karne ni nadra kubaki sawasawa kila mahali. Ukiiona imetulia, imekolea, haina hata kidoa, uliza.

Gurudumu la siku nalo lina maneno yake. Seiko walilitia lugha mbili, na kwa saa zilizopelekwa nchi za Kiarabu lugha ya pili ilikuwa Kiarabu. Mtu akisema saa hii baba yake aliinunua Mutrah, Oman, mwaka 1975, na siku zimeandikwa kwa Kihispania, sitamwita mwongo, kwa kuwa gurudumu linaweza kuwa limebadilishwa katika matengenezo ya halali. Nitataka tu kujua nani alilibadilisha na kwa nini.

Halafu ichezesheni. Bonyezeni kitufe cha juu, akrabu ndefu iondoke bila ya kuruka. Iacheni itembee mpaka akrabu ya duara ndogo isogee, si kwa dakika moja bali nyingi, kwa sababu zipo zinazoanza vizuri na kukwama mbele. Simamisheni, rudisheni kwa kitufe cha chini: akrabu isimame juu ya alama, si kando yake. Ikipotea, ama iliwahi kutolewa ikarudishwa vibaya, ama kipande kinachoirudisha kimelika. Kwa zile za kasha la 6139-600, zungusheni kile kinundu cha ubavuni bila kukivuta. Pete ya ndani yenye dakika inatakiwa izunguke nacho. Na mkimwona mtu anakizungusha akidai anaitia saa ufunguo, mjue hakijui anachokiuza: 6139 haitiwi ufunguo kwa mkono.

Tunalo sisi jambo jingine la kupimia, nalo ni hewa yetu. Pemba ina chumvi na ina masika yasiyo na huruma. Saa iliyovaliwa Konde au Micheweni kwa miaka 40 lazima iwe na dalili: uchafu mgumu kwenye maungio ya mnyororo, vipele kwenye uso, mipira ya vitufe iliyokauka ikaacha unyevu uingie. Maskati nayo ni pwani. Iliyokaa Nizwa, bara ya Oman, huzeeka vingine, kwa ukavu na vumbi. Mimi sidai saa iwe nzuri. Nadai uzee wake ulingane. Kasha lililoliwa na chumvi lenye uso msafi kabisa ndani yake ni vitu viwili vilivyoishi maisha mbalimbali, na mnunuzi ana haki ya kuambiwa vilikutana lini.

Sasa ile rangi ya kung'aa gizani, iliyomo kwenye akrabu na alama za saa. Hapa naomba mnivumilie, maana nina mambo mawili.

La kwanza ni la biashara. Mpaka miaka ya 1960 viwanda vingi vilitumia radiamu, kisha wakahamia tritiamu, na saa za Uswisi za tritiamu zina herufi T ndogo chini ya uso, kando ya jina la nchi. Nguvu ya tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12 na kidogo. Kronografu ya mwaka 1965 imebakiwa na takriban sehemu moja kati ya thelathini, kwa hivyo ukizima taa ikang'aa vizuri muda mrefu, imepakwa upya kwa rangi ya siku hizi. Hata bila ya giza, tazameni umanjano: nukta za uso zikiwa za rangi ya maziwa yaliyoganda na akrabu nyeupe pepe, akrabu ni za kuletwa.

La pili siliombi kwa ajili ya mnunuzi. Nalisema kwa ajili ya vifua vyenu. Radiamu huchukua miaka kama 1,600 kupungua nusu. Saa ya mwaka 1950 haing'ai tena kwa sababu kemikali iliyokuwa ikichochewa na radiamu imechoka, lakini radiamu yenyewe bado ipo, takriban yote. Katika miaka ya 1910 na 1920, huko New Jersey, Marekani, wasichana walioajiriwa kupaka nyuso za saa walikuwa wakizichongoa brashi kwa midomo. Taya ziliwaoza, mifupa ikavunjika, wengi wakafa wangali vijana. Fundi anayekwangua rangi hiyo kwa wembe kwenye kibanda kisicho na dirisha, feni ikipuliza, mwanafunzi wake wa miaka kumi na tano amekaa pembeni, anaingiza vumbi hilo kifuani mwake na mwa mtoto wa watu. Msiikwangue. Msiipulize kwa mdomo. Mwambieni mteja kwamba uso wa zamani unabaki ulivyo. Ni salama zaidi kwenu na, kwa bahati njema, ndivyo unavyokuwa na thamani zaidi kwake.

Ipo saa ambayo sisi wenye jamaa Oman inatupasa kuichunga kuliko watu wengine. Katika utawala wa Sultan Qaboos, aliyefariki Januari 2020, ziliagizwa saa zenye nembo ya Oman, jambia na panga mbili zilizopishana, na nyingi zilikuwa Rolex. Baadhi zilipitia duka la Asprey la London. Zilitolewa zawadi kwa maofisa, wageni na watu waliotumikia dola. Zimo Daytona kati yake. Nembo ile huipandisha bei mara nyingi, na nembo ni wino tu, kwa hiyo imepigwa chapa juu ya nyuso ambazo hazikupata kuiona Oman. Kwa saa ya jambia, hadithi ya kwamba mzee alipewa na Sultani haiongezi hata shilingi moja ikiwa haina cha kuishika: barua, kisanduku chake, risiti ya matengenezo, picha ya mzee ameivaa akiwa kazini. Kinachoniuma ni familia ambazo vitu hivyo wanavyo na wanavitupa. Wakiwaletea saa, waulizeni karatasi ziko wapi kabla hamjauliza bei.

Kuhusu kulipiga brashi kasha nitasema kwa ufupi, kwani mnalijua kuliko mimi. Kasha hutoka kiwandani na ncha kali, sehemu ya msasa na sehemu ya kung'aa zikikutana kwenye mstari ulionyooka. Brashi inaulainisha mstari, inazizungusha ncha, inaifanya namba ya mfuniko isisomeke. Chuma kikishatoka hakirudi. Mikwaruzo humpunguzia muuzaji fedha kidogo. Kasha lililoyeyushwa kwa brashi humpunguzia nyingi. Acheni mikwaruzo.

Tukija kwenye bei, tabia moja ya masoko yetu naona imekaa kinyume. Mnunuzi huiweka saa sikioni, akisikia inatembea anatoa fedha. Ikiwa imesimama anaitoa kasoro nusu nzima. Mimi nasema saa iliyosimama yenye uso wake wa asili ni bora kununua kuliko inayotembea yenye uso wa kupakwa. Mashine inasafishwa, inatiwa mafuta, kipande kilichovunjika kinatafutwa kwenye saa mbovu ya aina hiyohiyo. Uso hauzaliwi mara ya pili. Kwa hiyo anzeni na bei ambayo saa ya aina ile, iliyo kamili na ya asili, imeuzwa kweli, msishike ile ambayo mtu anaitamani tu. Seiko kama hii huenda kwa mamia ya dola, Speedmaster za miaka ya 1960 na 1970 kwa maelfu, Daytona za zamani kwa makumi ya maelfu. Toka hapo teremkeni: uso ukiwa umepakwa, teremkeni sana, kwani mkusanyaji ataihesabu saa hiyo kuwa spea, akrabu na vitufe vya kuletwa, kidogo kidogo, gharama ya kuisafisha mashine, kama mnavyotoza wenyewe. Kitakachobaki ndiyo bei, na mnunuzi ameona ilikotoka.

Nimekwisha kusikia jawabu lenu, maana nimeambiwa ana kwa ana: tukisema yote haya, nani atanunua? Nina mambo mawili ya kujibu. Mnunuzi wa nje, hasa mtalii na Mswahili anayekuja kutoka Maskati au London, halipi bei nzuri kwa saa asiyoweza kuielezea akifika kwao. Anampa fundi fedha ya zawadi ya kitalii na kuondoka. Karatasi ndiyo inayoigeuza zawadi ikawa mali. La pili mmelisoma vyuoni tangu udogo. Mwenye kuijua aibu ya bidhaa yake na akaificha amedanganya, na fiqhi imempa mnunuzi khiyari ya aibu, aweze kuirudisha mali. Kisa cha Mtume na chakula kilichokuwa kikavu juu na kibichi chini, pale sokoni Madina, sina haja ya kuwasimulia. Rangi mbichi juu ya uso wa zamani ni jambo hilohilo, na sijaona mwanachuoni wa kuihalalisha kwa sababu kitu chenyewe ni kidogo.

Nirudi kwenye karatasi ninayoiomba, ili msiione kubwa. Tarehe. Namba zote mbili za mfuniko. Kazi iliyofanywa. Kipande gani kimeingia na kimetoka saa gani. Jina la fundi. Mistari mitano inatosha. Mafundi wa zamani wa nchi nyingi walifanya dogo zaidi ya hilo: kwa ncha ya sindano walichora tarehe na alama yao upande wa ndani wa mfuniko, pasipoonekana na mvaaji, na leo wakusanyaji wanazisoma alama hizo kama cheti cha kliniki ya mtoto. Fungueni saa za Uswisi mlizonazo, hamtakosa kuzikuta. Wekeni na zenu.

Na vile vipande mnavyovitupa kwenye kopo: uso wenye madoa, akrabu iliyopauka, kinundu kilicholika chenye nembo ya kiwanda. Vitieni ndani ya kifuko na mumpe mwenyewe. Uso wa asili ulioharibika bado ni wa asili. Siku moja mtu atataka kuurudisha, na saa itapanda bei kwa kitu mlichokuwa mmekiita takataka. Fundi mmoja wa hapa, ambaye sitamtaja bila ya idhini yake, amekuwa akifanya hivyo kwa wateja wake siku zote bila ya kuombwa na mtu. Hatozi hata senti kwa kifuko.

Niko tayari kuchapisha fomu ya mistari hiyo mitano kwa gharama yangu, Kiswahili upande mmoja na Kiingereza upande wa pili kwa ajili ya wageni, na kuwaletea vitabu vyake Wete, Chake Chake na Mkoani kabla ya msimu wa karafuu kuanza, wakati fedha zinapokuwa mikononi mwa watu na saa zinapouzwa zaidi. Atakayetaka kuanza anitumie salamu kupitia kwa mhariri aliyeichapisha barua hii, aniambie anahitaji kurasa ngapi, na kama katika fomu yangu nimesahau jambo ambalo fundi angelitaka liandikwe, aliongeze kabla sijaenda kupiga chapa.

Wasalaam,
Mnunuzi wa saa kuukuu,
Wete, Pemba